TABORA KWA MIGUU: MZIGO ULIOKATAA KUZIKWA NJIANI

Wewe mtoto wa mjini, hebu sema kweli, Tabora unaijua kwa lipi? Wengi nikiwauliza wananijibu kwamba ni pale treni inapokatwa vipande. Behewa za Kigoma zinakwenda zake magharibi, za Mwanza zinashika kaskazini, wewe unashuka unanunua karanga za kuchemsha, unapanda tena unalala. Basi! Mji mzima unaishia kwenye kikombe cha karanga.

Wiki hii nakuomba ushuke kwenye hiyo treni. Acha mkoba kwa mwenyeji, vaa raba zilizozoeleka na kofia, tuuzunguke mji huu kwa miguu, maana huu ni mji uliojengwa na miguu. Nitakwambia sababu.

ZIBA KWANZA

Mimi mwenyewe sikuingia Tabora kwa treni. Novemba iliyopita nilialikwa harusi Ziba, wilayani Igunga. Kama huijui Igunga, chukua ramani uangalie kaskazini mashariki ya Mkoa wa Tabora. Ni nchi ya pamba, mpunga na ng'ombe, yenye udongo mweusi wa mbuga ambao mvua ikinyesha unang'ang'ania kiatu kama mdai.

Harusi ilikuwa bomba, si mchezo. Kwenye turubai nikakalishwa karibu na babu yake bwana harusi, mwalimu mstaafu aliyefundisha na kuishi Tabora mjini kwa miaka mingi. Nikampa shikamoo yake. Akaniuliza mimi kabila gani. Nikasema Mzaramo.

"Ahaa!" akapiga kofi kwenye goti. "Mtani wangu! Nyinyi ndio mliokuwa mnakaa pwani mnakula haluwa, mnatusubiri sisi tuwaletee pembe kichwani!"

Watu wakacheka, nami nikacheka, maana utani wa Wanyamwezi na watu wa pwani ni mambo ya zamani. Wazee wanasema ulizaliwa njiani, kwenye misafara. Ukipita nchi ya mwenzio mara kumi, unakula kwake, unazikana naye, mwishowe mnapata ruhusa ya kutukanana bila ngumi.

Yule babu akanitazama akasema, "Kesho kutwa nakwenda mjini. Njoo nikuonyeshe Tabora. Lakini sharti moja, hakuna bodaboda."

Nikakubali. Siku ya siku tukapanda gari la abiria kutoka Ziba, tukatokea Puge kwenye lami ya Nzega na Tabora, tukashuka mjini jua likiwa bado changa. Babu kashika fimbo na chupa ya maji. Mimi nina simu, chaja na miwani ya jua. Ziara ikaanza.

STESHENI NA MIEMBE

Tulianzia stesheni, na kwa mgeni hapo ndipo pa kuanzia. Jengo ni la enzi za Mjerumani, lina paa la mteremko mkali kama la Ulaya kwenye theluji, na theluji Tabora hakuna. Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam ilifika hapa mwaka 1912, ikagota Kigoma mwaka 1914. Tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928, enzi za Mwingereza.

"Sasa nisikilize," babu akasema tukiwa tumesimama kwenye kivuli. "Watu wanadhani Tabora imekuwa njia panda kwa sababu ya reli. Si hivyo. Mjerumani alitandika chuma karibu na palepale tulipokwishapapitisha nyayo."

Na ni kweli. Kabla ya reli ilikuwepo njia ya misafara, Bagamoyo mpaka hapa, hapa mpaka Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, na nyingine kwenda kaskazini kwenye Ziwa Victoria. Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika hapa tarehe 7 Novemba 1857. Wakati huo mji wa wafanyabiashara Waarabu uliitwa Kazeh, ndani ya nchi ya Unyanyembe. Walitembea siku 134 kutoka pwani. Miaka kumi na minne baadaye Henry Stanley alitumia siku 84 toka Bagamoyo, na hiyo ilihesabiwa kuwa mbio.

Siku 84, msomaji! Wewe basi likichelewa saa mbili Singida unapiga simu redioni.

Barabara itokayo stesheni ina miembe mikubwa, na Novemba ndiyo inaanza kuangusha. Tabora ina miembe kila upande. Wenyeji wanasimulia kwamba ilitokana na kokwa zilizotupwa na watu wa misafara, wapagazi na mateka, waliokula maembe wakipita. Nikamuuliza babu kama anaamini hadithi hiyo.

"Mwembe hauna cheti cha kuzaliwa," akajibu. "Lakini kivuli chake unakiona."

BOMA NA MTEMI ALIYEKATAA

Kutoka hapo tukapanda taratibu kuelekea Boma la Mjerumani. Limekaa kwenye mwinuko, nene, jeupe, linautazama mji kama nyapara. Ngoja nikuonye mapema kwamba hapo ni mahali pa jeshi. Tazama kwa mbali, simu iache mfukoni. Babu hata fimbo hakuinyoosha, alionyesha kwa kidevu.

Hapa ndipo aliponipa habari ya Mtemi Isike wa Unyanyembe. Wajerumani walipokuja kutaka kuitawala njia hii ya biashara, Isike hakuwapigia magoti. Walimshambulia ngomeni mwake zaidi ya mara moja. Mwezi Januari mwaka 1893 jeshi likiongozwa na Tom von Prince lilipovunja ngome na kuingia, Isike aliwasha baruti akajilipua kuliko kushikwa.

Kimya kikapita kidogo. Kijana mmoja alipita na baiskeli yenye mkaa, akatusalimia akaenda zake.

Wajerumani nao hawakudumu. Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, Tabora ikawa makao yao makuu ya muda. Fedha kutoka Ulaya zikakatika, wakaanza kutengeneza zao hapahapa. Mwaka 1916 walipiga sarafu ya dhahabu ya rupia 15 katika karakana ya reli, upande mmoja ikiwa na picha ya tembo. Leo wakusanyaji wa sarafu duniani wanaitafuta kwa udi na uvumba. Tarehe 19 Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yakaingia mjini, na mchezo ukaishia hapo.

"Unaona?" babu akasema. "Kila aliyekuja alitaka kukaa hapa katikati. Mwarabu, Mjerumani, Mbelgiji, Mwingereza. Hata TANU, walipokuwa na jambo zito, walikuja kulizungumzia Tabora."

Anasema ule mkutano wa TANU wa Januari 1958, uliopitisha Uamuzi wa Busara. Mwingereza aliweka uchaguzi wa kura tatu, yaani kila mpigakura amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Wajumbe wengi walikuja wamekasirika, wanataka kususa. Mwalimu Nyerere, ambaye mji huu aliujua tangu alipokuwa mwanafunzi Tabora School mwaka 1937 mpaka 1942, akawashawishi waingie wakashinde. Wakaingia. Wakashinda.

SOKONI: CHAKULA CHA SAFARI

Njaa ikaanza kuuma. Tukateremka mjini, tukapita mitaa ya Gongoni yenye nyumba za kizamani zenye baraza, wazee wamekaa na kahawa na kashata. Adhana ilikuwa inaita. Ukipita mitaa hii unaelewa kwa nini Kiswahili cha Tabora kina ladha ya pwani ingawa bahari iko mbali. Lugha nayo ilipanda huku mabegani mwa watu.

Sokoni babu alibadilika akawa kijana. Kila mama anamjua. "Mwangaluka!" anasalimia huku na kule, na wao wanaitikia kwa heshima kisha wanampandishia bei kwa utani.

Hapa kuna mambo, msomaji. Kwanza asali. Tabora ni nchi ya misitu ya miombo, na asali yake ina jina mpaka nje. Mjini hapa kipo hata chuo cha kufundisha ufugaji wa nyuki. Onja ile ya nyuki wadogo, wale wasiouma. Ni nyepesi, ina uchachu kidogo, na huuzwa ghali kwa sababu mzinga mmoja hutoa kiasi kidogo tu. Kuna uyoga wa porini uliokaushwa, kuna nsansa, majani ya kunde ya kukausha ambayo yakikutana na karanga za kusaga, dada yangu, utasahau kuku. Kuna karanga zenyewe, magunia kwa magunia.

Babu akanisimamisha mbele ya fungu la vipande vya rangi ya kahawia, vigumu kama mbao.

"Unajua hivi ni nini?"

"Viazi?"

"Matobolwa. Kiazi kitamu kinachemshwa, kinakatwa, kinaanikwa. Kinakaa miezi hakiozi. Weka mfukoni, tembea, kitafune taratibu na maji. Sasa litamke hilo neno upesiupesi, matobolwa, matobora... Tabora!"

Ndivyo wenyeji wengi wanavyolieleza jina la mji wao, limetokana na matobolwa. Nikanunua kipimo kimoja, nikatafuna kimoja. Mwanzoni unaona unatafuna kiatu. Baada ya dakika mbili utamu unaanza kutoka polepole, na ukishaanza hauishi. Nikafikiri, huu mji umeitwa jina la chakula cha safari! Miji mingine inaitwa majina ya wafalme. Huu umeitwa jina la kitu ambacho mpagazi alitia mfukoni.

Hapo sokoni ndipo babu aliponieleza mwenyewe, bila kuulizwa, kwa nini anapenda kutembeza wageni.

Babu wa babu yake alikuwa mpagazi. Alibeba mzigo kwenda pwani mara mbili akarudi na nguo za merikani, shanga na jembe. Mara ya tatu akaondoka na hakurudi. Labda ndui, labda kuhara, labda alifia porini Ugogo, labda alioa mwanamke wa Kizaramo akanogewa ("wewe unaweza kuwa mjukuu wake," akanitania). Kaburi halijulikani. Jina lake tu ndilo limebaki, na huyo bwana harusi niliyekula pilau yake Ziba ndiye analo.

KIRANGOZI

Sasa twende Kwihara. Ni kama kilomita 6 hivi kusini magharibi mwa mji, na huko ndiko iliko ile nyumba maarufu, Tembe la Livingstone. Mwendesha bajaji alituona akatuita. Babu akamwambia, "Asante mwanangu, tutakuhitaji kwenye kurudi." Nikameza mate, nikafuata.

Njiani ananifundisha mwendo. Mpagazi, anasema, alibeba kama kilo 30 hivi, begani au kichwani. Wengine pembe ya ndovu, wengine robota la nguo, wengine shanga na waya wa shaba. Juu ya mzigo wa tajiri alibeba na wake mwenyewe, yaani mkeka, chungu na chakula. Wanatoka alfajiri, jua likikaza wanapiga kambi. Mbele kabisa anatembea kirangozi, ndiye kiongozi wa njia, mara nyingi Mnyamwezi, amejipamba kwa manyoya na joho jekundu ili aonekane. Nyuma yake ngoma na baragumu. Ole wake anayempita kirangozi! Alitozwa faini.

Nikajirudisha nyuma hatua mbili. Babu akacheka mpaka akasimama.

Kuna jambo moja ambalo shuleni wengi wetu hatukufundishwa vizuri. Tulichorewa picha moja tu, minyororo shingoni na pembe kichwani. Minyororo ilikuwepo, tena ya kutisha, na njia hii ilipitisha mateka wengi kwenda pwani. Hilo halifichwi. Lakini mizigo mingi ya njia ya kati ilibebwa na watu huru, Wanyamwezi wengi wao, waliopatana ujira na kulipwa kwa nguo. Mwanahistoria Stephen Rockel aliandika kitabu kizima juu yao mwaka 2006. Watu hawa walikuwa wafanyakazi hasa. Walijua bei yao, walijua kugoma, na tajiri aliyewapunja posho aliamka asubuhi akakuta mizigo imelala na watu hawapo.

Na kijana wa Kinyamwezi ambaye hajafika pwani alichekwa. Wazungu waliopita huku waliandika kwamba watoto wadogo walibebeshwa vipembe vidogo wajifunze, na kwamba ilikuwa vigumu mwanamume kuoa kabla hajabeba mzigo mpaka baharini akarudi.

"Siku hizi wanataka ng'ombe tu," babu akasema. "Zamani mahari ilianza na miguu."

Tukapita mashamba ya mihogo na mahindi machanga. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, ardhi inanukia. Kushoto babu akanionyesha upande wa Itetemia, makao ya watemi wa Unyanyembe, ukoo wa Fundikira. Chifu Abdallah Fundikira, aliyekuwa waziri katika serikali ya kwanza ya Tanganyika huru na akafariki mwaka 2007, alitoka ukoo huo. Nao walichanganya damu na wageni zamani sana. Binti wa Fundikira wa kwanza, jina lake Karunde, aliolewa na baba yake Tippu Tip, yule mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa. Mapenzi na biashara vilikaa chungu kimoja.

Kulikuwa na wakati njia hii ilifungwa kabisa. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo, magharibi ya hapa, alipogombana na Waarabu wa Unyanyembe kuhusu njia ya Ujiji, vita viliwaka. Stanley alijiunga na Waarabu wakaenda kumpiga Mirambo, wakapigwa wao. Mwezi Agosti mwaka huo Mirambo akaingia Tabora na kuchoma sehemu ya mji. Stanley ikabidi azungukie kusini ndipo akafika Ujiji kumkuta David Livingstone, mwezi Novemba. Mirambo alikufa mwaka 1884, na Wazungu waliomjua walimwita Napoleon wa Afrika. Babu hapendi jina hilo. "Kwa nini wasimwite Napoleon Mirambo wa Ufaransa?"

NDANI YA TEMBE

Hatimaye nyumba ikatokea, rangi nyekundu iliyoiva, paa tambarare la udongo na miti kama tembe zote za huku, milango ya nakshi kama ya Unguja. Imejengwa upya mahali pa ile ya zamani, na ni makumbusho. Ndani kuna vyumba vyenye kiza na ubaridi mzuri, ua katikati, picha, ramani na nakala za maandishi. Siku ile wageni tulikuwa sisi wawili tu.

Kwa jina inaitwa ya Livingstone, lakini nyumba za namna hii Kwihara zilikuwa za Waarabu. Stanley alikaa hapa mwaka 1871. Alimleta Livingstone toka Ujiji wakafika Februari 1872. Mwezi Machi Stanley akaondoka kwenda kuitangazia dunia, mzee wa watu akabaki akisubiri wapagazi. Wale watu 57 aliotumiwa kutoka Zanzibar walifika Agosti 14, na tarehe 25 akaondoka nao kuelekea kusini. Hakurudi akiwa hai. Alifariki tarehe 1 Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia.

Vitabu vingi vya watalii vinafunga hadithi hapo. Babu ndio kwanza anaianza.

Alikaa kwenye baraza la ua, akaweka fimbo magotini. "Sasa wewe ungefanya nini?" akaniuliza. "Tajiri amekufa. Uko porini, nchi ya watu. Hakuna wa kukuona. Mzike hapo, chukua nguo na bunduki, nenda kwenu. Nani angejua?"

Sikuwa na jibu.

Waliokuwepo ni Susi, mtu wa Shupanga huko Msumbiji, na Chuma, Myao aliyeokolewa utumwani akiwa mtoto, pamoja na wenzao. Walikuwemo na wanawake, kama Halima mpishi. Walishauriana. Wakautoa moyo wakauzika chini ya mti. Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani majuma mawili, wakauviringisha kwa nguo na gome la mti, wakaushona ndani ya turubai. Ukawa mzigo. Wakaubeba zamu kwa zamu, na Oktoba mwaka 1873 wakaingia nao hapa Kwihara.

Hapa wakamkuta ofisa wa Kiingereza, Luteni Cameron, aliyekuja na msafara wa kumtafuta Livingstone. Cameron akawashauri waache taabu, wauzike mwili hapahapa Unyanyembe. Ni ushauri wa mkubwa, tena Mzungu mwenzake marehemu. Wakakataa.

Wakakataa! Mzigo ni wa pwani, utafika pwani.

Na mbele kulikuwa na kazi. Kwenye kijiji kimoja, Kasekera, wenyeji waligoma maiti isipite katika nchi yao. Basi wale mabwana wakafanya usanii ambao hata watoto wa Kariakoo wangewavulia kofia. Wakajifanya wamekubali kuurudisha mwili Unyanyembe ukazikwe. Wakafunga mabua ndani ya nguo, likawa kama umbo la mtu, watu sita wakalibeba kwa huzuni kurudi nyuma. Walipofika mbali wakayatawanya mabua porini kidogo kidogo, usiku wakarejea. Mwili wenyewe ulikwishafungwa kama robota la kawaida la nguo, umelala katikati ya mizigo mingine, ukapita mchana kweupe.

Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Miezi tisa. Wakalipwa ujira wao, na wengi wao hadithi yao ikaishia hapo. Mwili ukapandishwa meli, ukazikwa London katika kanisa la Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Kati ya wale waliobeba, aliyekuwepo mazishini ni Jacob Wainwright peke yake. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza baadaye, mazishi yamekwisha.

Babu akanyamaza. Njiwa wakawa wanalia juu ya paa.

"Mimi sina ugomvi na Livingstone," akasema. "Alipinga utumwa, Mungu amrehemu. Lakini wageni wakija hapa wanauliza alilala wapi, alikula nini, kitanda chake kiko wapi. Hakuna anayeuliza nani alimbeba. Ukiniuliza mimi, nyumba hii ni ya waliokataa kuutua mzigo."

Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Yule wa kwetu aliyepotea mara ya tatu, naamini na yeye alikuwa na mzigo wa mtu. Naamini hakuutupa."

Nilitamani kusema neno. Nikampa maji, akanywa.

MZIGO NI WA NANI SASA

Najua utaniambia, mwandishi, haya ni mambo ya kale, sisi tuko na mitandao. Sawa. Lakini angalia. Tangu mwaka 2006 Tanzania imeiweka njia hii ya kati kwenye orodha ya awali ya UNESCO, ikiwa na vituo sita, yaani Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria toka Dar mpaka Dodoma mwaka 2024, na reli hiyo inapangwa kuja mpaka hapa. Siku itakapofika, wageni wataongezeka. Swali ni watakuta hadithi gani. Ikiwa sisi vijana tutakuwa tumeshika karanga tu dirishani, watahadithiwa ya kitanda cha Mzungu.

Wazee kama huyu wa Ziba hawajaandika. Wanatembea nayo kichwani, kama mizigo ya zamani. Na wewe pengine unaye wako, amekaa kwenye baraza huko kwenu, anasubiri mtu wa kumpokea.

UKITAKA KWENDA

Tabora inafikika kwa treni, kwa basi na kwa ndege. Novemba mpaka Januari ni msimu wa maembe, ila beba mwavuli. Kama hupendi matope, nenda Juni mpaka Agosti, asubuhi kuna baridi tamu. Stesheni, Boma kwa mbali, Gongoni na sokoni vinaingia asubuhi moja kwa miguu. Kwihara itengee nusu siku, na uliza mjini kwanza ili umkute mwenye funguo. Muombe ruhusa mtu kabla ya kumpiga picha, hasa sokoni. Ukipata mzee wa kukuongoza, patana naye ujira mapema na usimpunje. Ukimpunja posho, ujue historia yake.

Asali funga vizuri, isikumwagikie kwenye begi. Matobolwa nunua ya kutosha, maana njia ya kurudi ni ndefu. Na ukitembea na mkubwa, mwache atangulie.